Tairi la Tano

Kwa waliokosa majuma matatu yaliyopita, nawapa kwa ufupi, maana hasira yangu haina subira.

Mimi ni Libérate, Mrundi wa Rumonge, mkimbizi wa kambi ya Nakivale, Uganda, mwaka wa tisa huu. Marehemu mume wangu Onesphore aliniachia kibanda cha kuziba pancha pale Base Camp. Mdogo wangu Alida, kitinda mimba wa mama yetu, alikufa siku ya mvua kwenye mteremko wa Masha, barabara ya Mbarara. Gari lililomuua ni pikapu la Laurent, Mkongomani wa Kivu ya Kusini, mchuuzi wa maharage. Liliteleza, likaingia kwenye migomba, likalala ubavu. Laurent alitoka na mkono uliovunjika. Alida hakutoka.

Polisi waliandika utelezi. Stika ya ukaguzi ilikuwa kwenye kioo, mpya ya siku hiyo hiyo. Gari lenye stika ni gari zima, wakasema, basi aliyeua ni mvua. Hakuna aliyeinama kutazama matairi.

Niliwasimulia jinsi Laurent alivyokuja msibani na gunia la unga, nami nikalimwaga mlangoni mbele ya watu. Niliwasimulia na habari ya miwani. Mama yetu, Goretti, haoni vizuri. Siku ile Alida alipitia Nyamitanga, mjini Mbarara, kwa daktari wa macho kumchukulia miwani yake mipya. Haikuonekana tena. Nikaandika humu humu kwamba Laurent aliiiba miwani ya kikongwe, na nyinyi mkamlaani pamoja nami. Mama mmoja wa Juru alinitumia ujumbe kwamba anafunga na kuomba Laurent akatike na mkono wa pili. Nilimjibu amina.

Juma lililopita nikaapa. Kiapo changu kilikuwa kimoja: Laurent avuliwe gari lake na jina lake, mama yangu akiwa amesimama pale pale anasikiliza.

Sasa sikieni.

Jumanne asubuhi nilikuwa nimechuchumaa najaza upepo tairi la baiskeli. Kivuli kikanifunika. Nikainua macho, nikamwona Laurent, mkono umening'inia kwenye kitambaa shingoni.

"Dada Libérate, jambo."

Nilishika spana. Sikuijibu salamu.

"Miye najua uko na hasira," akasema. "Hata miye ningekuwa nayo. Lakini gari banalinyoosha, limeisha. Sasa polisi banataka lipite inspekshoni tena mbele ya kurudi barabarani. Ni siku ya ine, kule Mbarara."

"Mimi yanihusu nini?"

Akatazama huku na huku. Akashusha sauti.

"Nakuya kuomba matairi."

Mawe we! Nilidhani nimesikia vibaya. Mtu ameniulia ndugu, udongo wa kaburi bado mbichi, anakuja kuniazima matairi!

"Ondoka," nikamwambia. "Ondoka kabla sijakuvunja na huo mwingine."

Hakuondoka. Aliniangalia kwa upole uliozidi kunichoma.

"Dada, we unajua na miye najua. Tukifungua kinywa, tunazama bote. Batoto ba kwangu ni saba. Nisaidie mara moja tu, kisha sitakanyaga tena fasi hii."

Wasomaji wangu, hapo ndipo pananilazimu kusema jambo nililowaficha majuma matatu. Mlinisifu, mkaniita shujaa, nami nikanyamaza. Leo nalitapika.

Ninayo matairi matano. Sio ya kuuza. Onesphore aliyanunua mapya kabisa na rimu zake, akayachoma kila moja msalaba mdogo ubavuni kwa chuma cha moto, mtu asije akambadilishia. Tunayaita matairi ya misa, kwa sababu ni kama ile suti ambayo mtu anaivaa kanisani tu. Anayepeleka gari ukaguzini na matairi yake ni vipara, anakuja kwangu. Ananilipa debe la maharage au ananibebea mzigo, basi. Kule kwetu Burundi ukaguzi tuliuita kontroli tekiniki, na huko nako watu waliazimana. Sikuona dhambi. Niliona ujirani.

Kazi yenyewe ina utaratibu. Matairi ya misa hayakanyagi barabara kutoka Nakivale, maana lami na changarawe vinayala. Yanapanda nyuma ya gari kama abiria. Gari linakwenda na vipara vyake mpaka karibu na uwanja wa ukaguzi, linaingia uchochoroni, linavua vipara, linavaa ya misa. Likishapata stika linarudi pale pale kuyavua. Na daima kuna mtu wangu wa kuyasindikiza, maana watu si wa kuaminiwa.

Ndiyo. Pikapu la Laurent lilipata ile stika kwa matairi yangu. Sasa mnajua.

Lakini msinihukumu haraka! Nilijiambia, na mpaka Jumanne ile nilikuwa bado najiambia, kwamba kuazima si kuua. Gari lilikuwa lake. Usukani ulikuwa mikononi mwake. Aliona mvua, akaendesha.

Basi nikiwa nimesimama pale na spana, nikaona mlango umefunguka. Adui yangu amekuja mwenyewe kuniomba kamba ya kumnyongea. Nimnyime kwa nini?

"Sawa," nikasema. "Chukua."

Alishtuka. "Kweli, dada?"

"Kweli. Tumezikana, tumalize."

Macho yake yalijaa machozi, mjinga yule. Alinishukuru kwa Kiswahili, kwa Kifaransa na kwa Kibembe. Mimi moyoni nilikuwa nimeshafika Mbarara.

Tulikwenda nyuma ya kibanda nikafunua turubai. Tangu yarudi sikuyagusa. Yalikuwa na matope yaliyokauka, matano, moja juu ya jingine. Laurent alipakia kwa mkono mmoja, mimi nikimsaidia. La tano, lile la spea, lilikuwa na tambara limefungwa kwenye matundu ya rimu, limeganda matope. Alida alikuwa na tabia ya kuyafunga matambara yasibingirike njiani. Sikulifungua. Nililitupa nyuma ya gari hivyo hivyo.

"Msindikizaji nani safari hii?" Laurent akauliza.

"Mungu," nikamjibu.

Jioni nilimkuta mama ameketi kwenye mkeka, anachambua mchele kwa vidole. Tangu macho yamfifie anachambua kwa kupapasa, na hakuna jiwe linalompita. Na kama macho yamekwenda, masikio amebaki nayo. Ukinong'ona Rubondo, ncha nyingine ya kambi, yeye Base Camp anageuza kichwa.

"Mama, Alhamisi twende Mbarara," nikamwambia. "Laurent anapeleka gari ukaguzini. Nitamuumbua mbele ya afande. Nataka uwepo."

Vidole vyake vikasimama.

"Unataka haki, mwanangu?"

"Nataka haki, mama."

"Yote?"

"Yote!"

Akarudi kwenye mchele wake.

"Basi twende," akasema.

Alhamisi saa nne tulikuwa kwenye uwanja wa ukaguzi, upande wa Kamukuzi. Foleni ya magari ilikuwa imefika barabarani. Nilimketisha mama kwenye benchi chini ya ukuta, nikajibanza nyuma ya lori moja, nikangoja.

Laurent akaja, kijana wa kukodi akiendesha. Matairi yangu manne chini ya gari lake, meusi, yameoshwa, yanang'aa. Nilimwona akijipangusa jasho. Nikatabasamu peke yangu.

Mkaguzi alikuwa mwanamke, Afande Mbabazi, Mnyankore mrefu wa viatu vizito. Alizunguka gari na ubao wake wa kuandikia. Taa, sawa. Honi, sawa. Breki alizijaribu mara tatu, mbele na nyuma, sawa. Akaingia chini na tochi, akatoka anajikung'uta. Kisha akachukua kipimo chake kidogo, akakidumbukiza kwenye meno ya tairi la kwanza. Sawa. La pili. Sawa.

"Hii gari ndiyo ilianguka Masha?" akauliza.

"Ndiyo, afande."

"Wewe umetengeneza muzuri sana. Hata tairi ni mupya."

Laurent akatabasamu. Kalamu ya afande ikashuka kwenye karatasi. Hapo nikatoka.

"Afande, usiandike!"

Uwanja mzima uligeuka. Madereva waliacha kupiga soga. Nilitembea katikati yao kichwa juu, na wallahi, sijawahi kujisikia mrefu kama siku ile.

"Hayo matairi si yake. Ni yangu. Yake yako nyuma ya gari, chini ya ile turubai ya kijani. Funua mwenyewe uone."

Afande Mbabazi alibana ubao wake kwapani. Alikwenda nyuma ya gari, akavuta turubai.

Vipara vinne vililala pale. Kimoja kilikuwa kimekwisha mpaka nyuzi zinaonekana.

"Banange!" akasema afande. Alipitisha kidole juu ya zile nyuzi. "Na hii ndiyo ulikuja nayo kutoka Nakivale? Hii hii?"

Laurent aliinamisha kichwa.

"Mimi nakuuliza. Siku ya Masha ulikuwa na gani? Hii?"

"Hiyo, afande."

Watu waliguna. Mzee mmoja aliyekuwa na lori la matoke alisema kwa sauti, "Basi huyu ameua mtu." Neno lile liliingia masikioni mwangu likashuka tumboni kama uji wa moto mtu akiwa na njaa.

"Lete funguo," afande akamwambia. "Hii gari haitembei tena. Na wewe unabaki hapa, naita wenzangu."

Laurent akatoa funguo. Nilipiga vigelegele! Ndiyo, nilipiga, mbele ya watu, bila haya. Nikamgeukia mama pale kwenye benchi.

"Mama, umesikia?"

"Nimesikia," akasema mama.

Kama ningeondoka dakika ile, hadithi hii ingeishia hapa, nami ningeendelea kuwa shujaa wenu. Lakini mwenye kisasi hatosheki. Nilibaki nimfaidi.

Afande Mbabazi alikuwa amechuchumaa kwenye tairi la mbele. Kidole chake kilikuwa juu ya ule msalaba.

"Nyabo, wewe bibi, kuja hapa. Hii tairi unasema ni yako?"

"Yangu, afande."

"Alikuambia anataka kufanya nayo nini?"

Uongo nilikuwa nimeupika tangu Jumanne. "Alisema anakwenda harusini Juru, afande. Ningejua anakuja kudanganya serikali, ningempa?"

"Kale, sawa. Na hii alama?"

"Marehemu mume wangu aliichoma mwenyewe," nikajibu, tena kwa majivuno. "Yote matano yanayo. Hakuna mengine kama hayo Nakivale nzima."

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia pale. Afande alinyanyuka, akatoa simu yake mfukoni, akaanza kupandisha picha kwa kidole.

"Mimi napiga picha ya kila tairi ya kila gari," akasema. "Wenzangu wananicheka. Sasa angalia. Mwezi wa pili, gari nyeupe, msalaba. Mwezi wa tatu, ile ya mzee wa Rubondo, msalaba. Mwezi wa ine, gari mbili, msalaba, msalaba. Mimi nilifikiri ni alama ya kiwanda." Akapandisha tena. "Na hii ni ya huyu bwana, asubuhi ile ile ya Masha. Msalaba. Mara tano, na leo ya sita. Nyabo, zote zilikuwa zinaenda harusi?"

Madereva walicheka. Nikainua mkono kuwanyamazisha.

"Afande, ile mara ya kwanza..."

"Ile mara ya kwanza asubuhi alikuwa na tairi yako hapa. Jioni alianguka na kipara. Katikati hapo, tairi yako ilienda wapi?"

Laurent aliinua kichwa. Nikamwahi.

"Alinitorokea nayo! Aliyavua mwenyewe akayaficha hapa mjini, alitaka kuniibia. Alinirudishia baada ya mazishi, kwa kuogopa."

"Mungu anakuona," akasema Laurent.

"Nyamaza, muuaji!"

"Mungu anakuona, Libérate. Afande, uandike. Matairi yalikuwa nyuma ya gari. Yote matano. Alida alikuwa ameyakalia."

Nilisikia maji yakitiririka kwenye bomba la kuoshea magari.

"Kulikuwa mvua mingi siku ile," Laurent akaendelea. "Miye nilitaka kurudi nayo chini ya gari paka Nakivale. Nilimwambia Alida, dada mudogo, lami imejaa maji, na hivi vipara tutakufa. Akasema tupige simu kwanza. Tukapiga. Tukaambiwa yavuliwe pale pale. Nikayavua."

"Nani alisema zitolewe?" akauliza afande.

"Umuulize yeye."

"Mwongo!" nikapiga kelele. "Hakuna simu! Naapa kwa kaburi la mdogo wangu, hakuna aliyenipigia simu!"

Wasomaji, nilipigiwa.

Simu ilipigwa saa tisa alasiri, mvua ikigonga mabati ya kibanda changu. Kwanza Laurent, akiomba. Kisha Alida akachukua simu. "Dada, mvua ni kubwa," akasema. "Tumwachie tu mara hii, atakuja nayo yakiwa chini ya gari." Kesho yake kulikuwa na mtu mwingine anayangoja. Nilifikiria kilomita zote zile na changarawe yote ile ikiyala matairi ya mume wangu. Nikasema, "Yafungueni hapo hapo. Panda nayo nyuma, uyakalie yasiibwe." Alida akajibu, "Sawa, dada." Hakunibishia. Hakuwahi kunibishia maisha yake yote.

Na kuna la pili, ambalo Laurent mwenyewe halijui, kwa sababu alikuwa amezirai. Bodaboda alipokuja kunipa habari, nilifika Masha kabla ya polisi. Alida amelazwa kando ya barabara, wamemfunika jani la mgomba. Matairi yangu yametapakaa kwenye shamba la watu. Nilijua polisi wakiyaona watauliza. Nikaanza kuyabingirisha. Moja moja, mpaka la tano, nikayaficha nyuma ya zizi la ng'ombe la mzee mmoja, nikayafuata baada ya siku tatu. Nilipomaliza kuyaficha ndipo nilipovua kitenge changu nikaenda kumfunika ndugu yangu.

Ndio uchafu wangu huo. Majuma matatu nimemtukana Laurent ili nisiusikie ukinuka.

Lakini pale uwanjani sikutapika kitu. Pale nilikuwa bado napigana. Alida amekufa, Laurent ni mshitakiwa, neno lake na langu, nani angemwamini? Nilikaza shingo.

"Afande, huyu anatafuta mtu wa kuzama naye. Ana shahidi?"

"Shahidi yangu alikufa," akasema Laurent.

"Basi!"

Afande Mbabazi alitutazama mmoja mmoja. Akajikuna shavu kwa kalamu.

"Mimi sipendi maneno mingi," akasema. "Nyabo, ulisema tairi ni tano. Mimi naona ine. Ya tano iko wapi? Zote nazichukua."

Laurent alipanda nyuma ya gari akalivuta lile la spea kutoka chini ya vipara. Likaanguka chini, likabingirika kidogo, likalala karibu na benchi la mama. Msalaba juu. Na lile tambara.

Afande aliinama. "Na hii ni nini?"

"Tambara tu," nikasema. "La kufungia."

Alivuta fundo. Halikulegea, matope yalikuwa yameligandisha. Akatoa kisu kidogo akakata. Matope yalipopukutika nikaona rangi. Kijani chenye maua ya njano.

Kilikuwa kilemba cha Alida.

Afande alikikunjua polepole. Kilikuwa kimekunjwa mara nyingi, kwa uangalifu, mtu aliyekifunga alitaka kilichomo kisivunjike njiani. Ndani kulikuwa na kikasha cheusi. Kwenye kikasha kulikuwa na kikaratasi kimebandikwa.

Afande alikisoma kwa shida.

"Nshi... Nshimirimana Goretti. Nani ni Goretti?"

"Mimi, mwanangu," akasema mama.

Alinyoosha mikono miwili. Afande akamwekea kile kikasha viganjani. Mama alikipapasa, akakifungua, akatoa miwani. Kioo cha kushoto kilikuwa na ufa. Aliifuta kwa kile kilemba. Hakuharakisha. Kisha akaivaa.

Kwanza alikitazama kile kilemba, muda mrefu, akasema, "Cha mwanangu Alida, siku ile alikwenda kunichukulia hii miwani." Kisha akalitazama tairi. Kisha Laurent, mkono wake ule uliofungwa, mpaka Laurent akaangalia pembeni.

Kisha akanitazama mimi.

Miaka mitatu mama yangu alikuwa akiniona ukungu. Pale aliniona sawasawa. Nilihisi kila kitu usoni pangu kinasomeka.

"Kwa hiyo kweli tairi zilikuwa nyuma, na huyo mutoto," akasema afande taratibu. Sauti yake ilikuwa imebadilika, haikuwa na mzaha. Aligeuza karatasi mpya kwenye ubao. "Sasa nauliza mara ya mwisho. Nani alisema zitolewe?"

Laurent alinigeukia. Mimi nikatazama chini.

"Nyabo?"

"Sijui, afande," nikasema. "Naapa, sijui."

Mama alisimama kutoka kwenye benchi. Alishika ukuta kidogo, kisha akauacha. Alikuja mpaka mbele yangu, karibu kabisa, kilemba cha Alida mkononi.

"Mwambie afande, Libérate," akasema. "Ama nimwambie mimi? Siku ile mvua ilinikuta nyuma ya kibanda chako, nachambua maharage."